Mpini Uliobaki Zagayu

Harufu ya mti unaoungua kwa ndani haifanani na harufu ya moshi wa kawaida. Kuni zikiwaka jikoni, moshi wake huja na kupita. Lakini chuma chekundu kikisukumwa ndani ya mti mgumu, mti huungua mahali pasipo na hewa, na moshi wake hutoka mzito, mchungu, wenye utamu kwa mbali, kama mahindi yaliyosahauliwa kwenye majivu. Mimi nashona nguo hapa Binza, mjini Maswa. Ukuta kwa ukuta na kibanda changu yupo fundi wa kuchomelea mageti na madirisha. Kutwa nasikia makelele ya grainda yake na wala hayanitoi kwenye kazi. Ila mara mojamoja huja mkulima kutoka vijijini, chuma cha shoka mkononi na mpini begani, na hapo fundi huzima mashine zake na kuwasha makaa. Mteja ambaye gauni lake liko kwenye cherehani yangu saa hiyo, nampa pole mapema, maana mshono utapinda.

Wengi wenu mmezoea shoka la dukani, lile ambalo tundu liko kwenye chuma na mpini unapita ndani yake. Shoka letu la kienyeji ni kinyume chake. Kwetu tundu liko kwenye mti. Mpini hukatwa pale ambapo mti umevimba karibu na mzizi, ili uwe na kichwa kinene kama rungu. Chuma nacho hufuliwa kikiwa na mkia mrefu uliochongoka. Mhunzi huupasha moto mkia ule mpaka uwe mwekundu, kisha huusukuma ndani ya kile kichwa, nao hujichomea njia yake wenyewe hadi ncha itokeze upande wa pili. Basi kila unapopasua kuni, chuma kinazidi kuzama na kushika. Ukitaka kukitoa, unageuza shoka na kuigonga ile ncha kwa jiwe. Tundu linalobaki ni la mkia huo tu. Ukilichomea mkia mwingine, limekuwa la mwingine, na lile la kwanza halipo tena.

Hayo yote niliyajua nikiwa bado mtoto wa darasa la tatu, na niliyajua kwa sababu ya mama.

Tulikuwa tunakaa Zagayu, kwenye mji wa bibi, mama yake baba. Baba alikuwa amefariki. Namkumbuka kidogo sana, na zaidi namkumbuka akiwa amekaa kwenye kigoda analaza kipande cha chupa kwenye mpini wa shoka na kuukwangua, akipitisha kiganja, akikwangua tena. Mpini huo alimkatia mama. Chuma chake mama alikuja nacho kutoka kwao Kimali, kule Meatu, alipoolewa. Baba yake mama alikuwa mhunzi, na chuma hicho alikifua mwenyewe kwa springi ya lori, akakipiga ubavuni alama inayofanana na unyayo wa kuku. Kwa hiyo shoka letu lilikuwa na nyumba mbili: chuma cha Kimali, mpini wa Zagayu. Sisi watoto wa vijijini tunajua vitu vya namna hiyo bila kufundishwa, kama tunavyojua ng'ombe gani katoka kwa shangazi gani.

Baada ya msiba kwisha, wajomba walikuja kumchukua mama. Hakukuwa na ugomvi. Mume hayupo, mjane anarudi kwao, na mtoto anabaki kwa ukoo wa baba kwa kuwa ng'ombe wa mahari walishatolewa zamani. Ndivyo ilivyokuwa, na watu wazima walilizungumza kwa sauti ya chini na ya adabu mpaka nikadhani ni jambo zuri. Asubuhi ya kuondoka, mama alichukua shoka, akaligeuza juu ya jiwe la kusagia, akaigonga ncha. Chuma kikachomoka. Alikifunga kwenye kitenge, akakiweka chini kabisa ya fuko lake. Mpini akauegemeza kwenye ukuta wa jiko.

"Mbona unauacha?" nikamuuliza.

"Huu kaukata baba yako. Ni wa hapa."

"Sasa chuma utakipasulia nini bila mpini?"

Akanivuta kichwa, akanibana kwenye tumbo lake kwa muda mrefu hadi nikaanza kukosa hewa. Wajomba wakakohoa kule nje, akatoka.

Kwa akili yangu ya miaka ile nilishapata jibu. Mtu hawezi kukaa na chuma tupu. Lazima atarudi kwenye mpini wake. Niliuchukua, nikaingia nao ndani, na tangu siku hiyo nikawa nalala nao. Nilikuwa naweka jicho kwenye tundu lake na kuangalia dunia. Bibi nilimwona mdogo, mwenye pembeni nyeusi. Njia ya kwenda barabarani niliiona pia, tupu, mchana na jioni. Wenzangu walikuwa na wadogo wa kubeba mgongoni. Mimi nilikuwa na mpini, na wakaniita mama Mpini, na nikaitika, kwa sababu kuitwa kwa dharau kulikuwa bora kuliko kutoitwa.

Msinielewe vibaya, bibi alinipenda. Lakini alikuwa mtu wa maneno machache, na baada ya msiba yale machache nayo yakapungua. Tungeweza kula, kuosha vyombo na kulala bila neno lolote zaidi ya "lete" na "haya". Nyumba ilikuwa kimya kiasi kwamba nilikuwa nasikia mchwa wakila fito za paa. Nilimkosa mama kila mahali, na zaidi pale jikoni asubuhi, kwa sababu sauti iliyokuwa ikiniamsha ilikuwa ya shoka lake, na sasa nilikuwa naamka mwenyewe.

Kwenye nchi yetu ya pamba miti si mingi. Sehemu kubwa ya mwaka tulipikia mabua ya pamba na magunzi, vitu vinavyowaka kwa fujo na kuisha kabla maji hayajachemka. Kuni za maana zilikuwa ni gogo moja la mgunga lililoangushwa na radi nyuma ya zizi. Mama alikuwa amelianza, akafika karibu na katikati. Likabaki vile vile, na pale alipoachia palikuwa peupe bado. Bibi aliazima shoka kwa jirani mara ya kwanza, akaazima tena, na mke wa jirani akaanza kulitafuta shoka lake kwa muda mrefu sana kila tulipokuja, akilitafuta mahali ambapo hata mimi nililiona. Bibi akaacha kuazima.

Akampelekea kuku mhunzi wa kijijini, mzee mmoja aliyeitwa Masunga, akarudi na chuma kipya cha shoka. Kizuri, cheusi, bado kina rangi ya moto pembeni. Akakiweka chini, akaniangalia, akauangalia mpini.

"Minza, lete huo."

Nikaukalia. Ndugu zangu, nilikuwa mtoto mtiifu, nilikuwa natumwa bila kuambiwa mara mbili. Lakini siku hiyo niliukalia ule mpini kama kuku anayelalia mayai, nikasema, "Huu ni wa mama. Akirudi ataweka wapi chuma chake?"

Bibi hakunipiga wala hakunikaripia. Alitazama pembeni, kwenye zizi, kama mtu aliyeitwa huko. Kisha akakichomeka chuma kipya kwenye nyasi za paa, akasema atatafuta mpini mwingine. Alichopata ni kigongo cha mwarobaini. Mwarobaini ni mti mzuri wa kivuli na wa dawa, lakini kwa shoka haufai kitu. Pigo la kwanza likashika. La pili kichwa cha mpini kikapasuka, chuma kikaruka juu ya uzio kikaingia kwenye maboga ya jirani, na jogoo wake akatoka huko akikimbia na kupiga kelele kama aliyeshuhudia mauaji. Nilicheka. Bibi naye alicheka, akashika mbavu, na kicheko kikageuka kikohozi, na kikohozi kile hakikuisha siku hiyo.

Mvua zikaja. Mabua yakalowa, magunzi yakaota ukungu. Chai ilikuwa vuguvugu na ugali unanuka moshi. Usiku baridi ilipita chini ya mlango, na kifua cha bibi kikawa kinalia kama mlango wenye bawaba mbovu. Asubuhi moja nilitoka nikamkuta kwenye gogo la mgunga. Alikuwa anajaribu kulibandua kwa panga. Panga linagonga, linarudi, linagonga, linarudi. Akaacha. Akakaa juu ya gogo lenyewe, mikono magotini, akivuta pumzi mdomo wazi, na mvua ndogo inamnyeshea, na wala hakuinua hata upande wa khanga kujifunika.

Sikuwahi kumwona bibi akiwa ameshindwa. Nilisimama mlangoni na mpini wangu mkononi, na kwa mara ya kwanza niliogopa kwamba naye ataondoka.

Alipolala mchana nilichomoa chuma kipya kwenye paa, alikokirudisha baada ya kukitoa kwenye maboga, nikakibeba na mpini hadi kwa Masunga. Alikuwa chini ya banda lake la bati, anamenya karanga.

"Umetumwa na bibi?"

"Ndiyo."

Akavukuta moto. Mivukuto yake ilikuwa ya ngozi ya mbuzi, na ilikuwa inapumua kwa sauti ya mtu aliyelala. Mkia wa chuma ukawa mwekundu, ukawa wa njano kidogo. Akaupitia mpini mara moja kwa macho, akaona tundu, akasema, "Kumbe umeshatobolewa. Kazi nyepesi." Akaubana kwa miguu, akashika chuma kwa koleo, akasukuma. Moshi ukatoka mbele na nyuma kwa pamoja. Ndiyo harufu ninayowaambia. Mti ulilia, ukatoa povu dogo, na njia ya mama ikaungua mbele ya macho yangu, ikawa njia ya mwingine. Nililia kwa sauti.

"Moshi huo," akasema Masunga kwa upole. "Njoo ukae upande huu."

Nikahamia upande ule, nikaendelea kulia.

Nilipofika nyumbani bibi alikuwa ameamka. Alilitazama shoka, akanitazama mimi, akapitisha kidole pale chuma kilipoingia. "Nani kakwambia?"

"Hakuna."

Akasema, "Wabeja, ng'wanawane." Asante, mwanangu. Sikumbuki kama aliwahi kunishukuru kabla ya hapo kwa jambo lolote. Kesho yake mtoto wa jirani aliyekuwa mkubwa kidogo alitupasulia gogo, akaanzia pale mama alipoishia. Jiko likawaka moto wa kweli, mwekundu, wa kimya, na kifua cha bibi kikaanza kutulia. Nililala bila mpini. Nilijiambia mama akija, babu mhunzi atachonga mpini mwingine, Kimali miti ipo.

Mama alikuja wakati wa kuvuna pamba. Ilikuwa mchana, mimi na bibi tunachambua pamba uani, vidole vimechubuka. Nilimwona tangu mbali kwenye ile njia niliyoichungulia kwa miezi yote, na sikukimbia. Sijui kwa nini. Nilibaki nimeshika pamba. Aliweka fuko lake ukutani, nalo likagonga ukuta kwa sauti nzito. Akapiga magoti mbele ya bibi, akamsalimia kwa Kisukuma, akimwita mama.

"Mwadila, mayu."

"Mwadila, ng'wanawane. Hawajambo huko?"

"Hawajambo, mayu."

Akanishika kichwa, akanishika mashavu. Alikuwa amekonda. Kisha macho yake yakaenda kwenye ukuta wa jiko, mahali alipouegemeza mpini siku ya kuondoka. Shoka lilikuwa pale pale. Akaliendea, akalinyanyua, akaligeuza, akaweka kidole gumba kwenye shingo ya chuma.

"Nani kalichoma hili?"

"Mimi!" nikasema. "Nilikwenda mwenyewe kwa Masunga. Bibi alikuwa anaumwa, hatukuwa na kuni."

Nilingoja sifa. Nilistahili sifa, naona hivyo hadi leo. Mama alilipima mkononi, akalirudisha ukutani taratibu sana.

"Umefanya vizuri," akasema. "Limeshika."

Jioni alipasua kuni nyingi, nyingi kuliko tulizohitaji, akazipanga vizuri chini ya paa. Tulikula ugali na mlenda. Bibi aliulizia habari za mvua za Kimali, mama akajibu habari za mvua. Mimi nilikuwa katikati yao, nimeshiba na nina usingizi, nikidhani kwamba sasa maisha yameanza tena. Asubuhi mama akafunga khanga ya safari.

"Unaondoka?" bibi akauliza.

"Naondoka, mayu."

"Haya."

Nilimbebea fuko hadi barabarani. Lilikuwa zito upande mmoja, na kitu kigumu kilikuwa kinanigonga shavu la mguu kila hatua. Nikauliza ni nini humo, akasema ni vitu vyake. Tuliposimama kungoja gari aliniuliza kama bibi ananitunza. Nikasema ndiyo. Akauliza kama chakula kipo. Kipo. Akauliza, "Na kuni mnazo?" Nikasema kwa majivuno, "Tunazo." Kila nililomjibu lilikuwa kweli. Gari likaja, akapanda, akafuta vumbi kwenye kioo kwa kiganja ili anione, kisha vumbi la nje likafunika kila kitu.

Hakuja tena kukaa. Nilikuwa naenda kumsalimia Kimali wakati wa likizo, baadaye nikiwa mtu mzima nilikwenda na zawadi za sukari na sabuni. Tulikuwa na adabu kubwa sana mimi na yeye. Tuliulizana habari za afya na za mashamba kama watu waliosimama kwenye mnada. Nilidhani hakunitaka, na nililizoea wazo hilo kama mtu anavyozoea kiatu kinachobana. Nafikiri ndiyo sababu hata sasa kibandani napenda wateja wanaoacha kitambaa na kuondoka.

Mwaka jana mama alifariki. Baada ya matanga, mke wa mjomba aliniita ndani, akatoa kitu kilichofungwa kwenye kitenge kilichopauka. Kabla sijafungua nilijua kwa uzito wake. Kilikuwa chuma cha shoka, chenye unyayo wa kuku ubavuni, na mkia wake ulikuwa na kutu ya miaka yote, haujaona moto tena.

"Tulikuwa tunamwomba tukitie mpini," akasema yule mke wa mjomba. "Chuma kizuri hivi kinakaa bure! Akakataa. Alisema kina mpini wake Zagayu."

Yeye akaendelea, bila kujua ananifanyia nini.

"Msimu ule wa pamba alivyokuja kwenu, mwanangu, sisi alikuwa ametuaga. Nguo zake zote alibeba. Alisema anakwenda kumwomba bibi yako amruhusu arudi kukaa naye, alee mtoto wake. Tukashangaa tumemwona karudi. Kumuuliza, akasema tu, kule kuni zipo."

Bibi alitangulia kufariki zamani, na katika mji wake nilichochukua ni shoka. Kwa hiyo niliporudi Binza nilikuwa na vyote viwili. Nililigeuza shoka la bibi juu ya jiwe, nikaigonga ncha, chuma cha Masunga kikachomoka kikiwa kimelika hadi kubaki kipande. Nikaupeleka mpini na chuma cha mama kwa fundi jirani. Alitia mkia kwenye tundu. Ukaingia wote mara moja, bila kuguswa na nyundo.

"Linacheza, dada," akasema. "Tundu limekuwa kubwa. Nikuzungushie kipande cha ngozi ya ng'ombe? Au nikichomee mpini mwingine?"

Nikamwambia aache tu.

Nimefikiri sana tangu hapo kuhusu ule mchana wa pamba. Bibi alimtaka abaki, sasa naamini hivyo, alimuuliza "Unaondoka?" kwa sauti ambayo hakuwahi kuitumia kwa jambo lingine. Mama alikuja kubaki. Aliona tumeshaziba pale mahali pake, na mimi ndiye niliyemwambia kwa furaha kwamba nimefanya mwenyewe. Sijutii kwenda kwa Masunga. Bibi angekufa mvua zile. Ningekuwa mtoto yule tena, ningekwenda tena. Lakini shoka halikusema lolote siku ile, sisi ndio tuliolisoma kila mtu kivyake. Ilihitajika mtu mmoja tu aseme "baki", nasi tulikuwa watatu.

Shoka lipo jikoni kwangu, chuma cha Kimali ndani ya mpini wa Zagayu, limeegemea ukuta. Halipasui kitu. Nikifagia na kuligusa, chuma kinatikisika ndani ya mti na kugonga kidogo. Huwa naacha kufagia mpaka kinyamaze.